Griffo na Sahani za Wageni

Griffins Wanyonyi Makokha, Griffo wetu, alizaliwa Shauri Moyo tarehe 14 Juni 1987, kitinda mimba wa Mzee Makokha, fundi wa masanduku ya bati pale Gikomba, na Mama Nabalayo. Alisoma papo hapo Eastlands, kisha akapata shahada ya kompyuta mwaka 2010. Mzee alitaka mhandisi wa barabara. Alinuna mwezi mzima, halafu akaanza kuwaringia majirani.

Tarehe 6 Desemba 2014 alimwoa Kaluki, wakahamia Tassia, wakajaliwa binti, Lenah.

Kazini walitengeneza programu ya kupangia zamu wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu. Programu nzima iliandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, ila Griffo aliandika hesabu za zamu kwa Clojure, lugha inayokaa juu ya Java hiyohiyo lakini ina desturi zake: orodha ikishatengenezwa haiguswi tena. Aliipenda kupita kiasi, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani.

Mwaka 2021 mkubwa wake kazini, Marion, alimjia juu. "Griffo, hii list yako inakataa nikiongeza mgonjwa. Ikitusumbua tena tunaitupa, tunaandika yote upya na Java."

Alifika nyumbani amevimba kwa hasira. "Wajifunze Clojure, basi!" akafoka. Kaluki alikuwa anapakua muthokoi. "Si hao ni wageni wako?" akamwambia. "Pika vile unajua, lakini wapakulie kwa sahani wamezoea."

Chakula hakukimaliza. Alikaa akaandika kipande kidogo cha programu, kama mlango: ndani hesabu zilibaki Clojure tupu, nje wenzake walipokea nakala, orodha za kawaida za Java, waziongeze na kuzipunguza watakavyo bila kuharibu za ndani. Marion aliacha kulalamika, ila hakuahidi kitu.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, akawa anapangiwa zamu na programu yake mwenyewe. Jambo hilo lilimchekesha yeye, sisi lilitutoa machozi.

Februari mwaka huu wa 2025 Marion alikuja wodini. "Kuna msee mpya kazini ametumia kazi yako miezi yote akidhani ni Java. Hatuitupi, Griffo. Inabaki."

Alicheka mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Alituaga tarehe 9 Machi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kaluki.

Ameacha mjane wake Kaluki, binti yake Lenah, wazazi wake, kaka yake Wakoli, na sisi tuliomzoea vibaya. Alale kwa amani. Wageni wake wameshiba.