Maji ya Betri

Kijiwe chetu kiko njia panda ya kwenda Ngarenanyuki, mbele ya banda la fundi betri. Ukipita ukatukuta tunacheka, utaona kila mtu kaweka kiganja mdomoni. Si adabu hiyo, ni meno. Sisi tuliokulia maji ya mto huu tuna meno ya kahawia, mengine yamechimbika, na wageni hudhani tunabwia ugoro. Siku hiyo lakini hakuna aliyecheka. Mzee Nderingo, tunayemwita Gwaride kwa sababu shingo haigeuki na magoti hayakunji, alikuja na habari za binti yake, Eliasifiwe. Binti alikwenda mjini kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya watalii, wakamrudisha. Nilipandwa na hasira, nikaimwaga kahawa yangu chini.

GWARIDE: Wamemwambia Kiingereza safi, cheti safi, ila meno. Eti mgeni akishuka kwenye gari, kitu cha kwanza kukiona ni tabasamu.

CHAJI (ndiye fundi betri): Pumbavu zao! Mgeni kaja kuangalia tembo au kuangalia meno?

REDIO (husikiliza kila taarifa ya habari, akaisimulia kombo): Hiyo njama, aisee. Wauza dawa ya meno ndio wanamwaga kitu kule juu chemchemi, ili tununue.

MIMI: Dawa gani inatoa hii? Nimesugua kwa mkaa, nimesugua kwa mchanga, mpaka fizi zikatoka damu!

REDIO: Si ndiyo nasema! Haitoki, kwa hiyo unanunua maisha yako yote. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

GWARIDE: Acha uongo. Babu yangu alikuwa na meno haya haya, na dawa ya meno hakuwahi kuiona.

REDIO: Basi ni mlima. Ulipolipuka enzi hizo, moshi wote ulizama majini. Sisi tunakunywa moshi, bana! Unaingia kwenye meno, ukishiba huko unashuka kwenye mifupa. Hayo magoti yako, Gwaride, yamejaa madini. Ukifa hatukuziki, tunakuchimba. Wewe ni machimbo ya Mererani yanayotembea!

GWARIDE: Koma! Mimi ni jembe tu limenikaza.

CHAJI: Jembe gani, mzee wangu? Kwa shemeji zangu kule Rombo wanalima mpaka uzeeni na wanainama kama kawaida. Kubali tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

GWARIDE: Nainamaje, mjinga wewe, wakati kuinama ndiko ninakokulilia!

MIMI: Wanaoniudhi ni hawa wataalamu. Wanakuja, wanateka maji kwenye vichupa, wanatupiga picha midomo, wanaondoka. Wakirudi wamekuja na vichupa vingine. Floraidi imezidi, wanasema. Asanteni sana, meno yalishatuambia!

GWARIDE: Na si kwamba tulizembea. Mama yake Eli alimchemshia maji tangu anaanza kutambaa. Anachemsha mpaka sufuria inabaki nusu.

MIMI: Mzee, kuchemsha kunaua wadudu. Hii floraidi ni chumvi itokayo kwenye mawe, haifi. Maji yanapaa na mvuke, yenyewe inabaki kwenye hiyo nusu.

Nilitamani ningemeza maneno yangu, maana nilimwona mzee anamfikiria marehemu mkewe na lile jiko lake. Redio akafungua mdomo kutuletea nadharia ya setilaiti, lakini kabla hajaanza, pikapu ya nyanya ikaja inasukumwa na watu wawili. Dereva akashuka na kidumu alichokijaza mtoni.

DEREVA: Fundi, betri imekauka. Niongezee maji, mzigo unaharibika.

Chaji aliinuka kwa kasi, akampokonya kidumu.

CHAJI: We! Maji ya mto unataka kuyatia humu? Unaiua! Haya yana madini, yatatafuna sahani zote za ndani. Betri ni kama mtoto mchanga, kaka. Inapewa maji ya mvua tu.

Akaenda kwenye pipa lake lililo chini ya mchirizi wa bati, akafunua kifuniko, akachota, akachuja kwa kitambaa cheupe. Dereva akashukuru. Sisi tukaitikia kwa vichwa, maana hayo kila mtu hapa anayajua.

Tulipogeuka, Eliasifiwe alikuwa amesimama penye mchirizi, bado na sketi ya usaili, amembeba mwanawe mdogo ubavuni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Pole, — tukasema.

Alikuwa anatazama pipa.

— Fundi, hilo pipa lina muda gani hapo?

CHAJI: Aa, tangu nilipofungua banda. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

— Huyu mwanangu ana meno meupe. Na mimi ya utoto yalikuwa meupe hivi hivi, nayakumbuka. Yalipong'oka, yakaja haya. Sasa naomba mnieleze, baba zangu. Betri za watu mlizikingia maji ya mvua. Sisi mbona hamkutukingia?

Mimi nilitazama mabati ya nyumba zote za njia panda, yale yanayomwaga mvua barabarani kila masika, na kuna mmoja hapa kijiweni aliwahi kusema maji ya mvua hayana ladha. Mmoja huyo ni mimi.

Eliasifiwe akachukua kikombe cha kahawa kilichokuwa kitupu, akakisuuza, akachota kwenye pipa, akampelekea mwanawe mdomoni.

CHAJI: Hayo ni ya betri.

Ulimi ulimteleza kwa mazoea tu, na uso ukamshuka. Gwaride akajizungusha mwili mzima, mabega na miguu pamoja, mpaka akatazamana na Chaji.

— Mwache anywe.

Mtoto akanywa yote, akanyoosha kikombe aongezewe.