Shingo ya Edgar Mangeni Isifunikwe

Mchungaji, wazee wa ukoo, ndugu wa Tiira, wageni mliovuka mpaka asubuhi hii, na ninyi mlioketi nyuma karibu na masufuria, familia inaomba mtulie ili maisha ya marehemu yasomwe jinsi yalivyokuwa.

Edgar Mangeni alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968 hapa hapa Tiira, akasoma shule ya msingi hapa, kisha sekondari Tororo hadi kidato cha nne mwaka 1986, akarudi nyumbani kuchekecha udongo wa dhahabu mashimoni, na alipochoshwa na matope akahamia Busia mjini mwaka 1993, akaajiriwa na wakala wa forodha, kazi yake ikiwa kuwaita madereva wa malori zamu yao ikifika, na alikuwa na sauti iliyosikika hadi upande wa Kenya. Huko ndiko Maximilla alikokuwa akiuza mitumba, akaijua sauti hiyo kabla hajamwona mwenyewe, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa watoto watatu, Lillian, Jovia na Marvin.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 sauti ilianza kukwaruza, akanywa tangawizi, akanywa dawa za kikohozi za dukani, kisha mpaka wa Kenya ukafungwa kwa ajili ya korona, akapata kisingizio cha kutokwenda hospitali, hadi mkewe alipomwambia, "Baba Lillian, kama hutaki kumwona daktari, basi nenda ukakorome kwa dada yako." Tarehe 18 Mei 2021 alipasuliwa Kampala, madaktari wakaiondoa saratani pamoja na zoloto lote, pale sauti inapotokea, na tangu siku hiyo hewa yake haikupita tena puani wala mdomoni, ilipita kwenye tundu lililo chini ya shingo, na hapo tu.

Nesi Abbo aliwafundisha wote wawili namna ya kulitunza, lakini Edgar alikataa kujitazama, kwa hiyo Maximilla ndiye aliyempangusa makohozi, na mara ya kwanza alitoka akatapika nyuma ya choo, akanawa, akarudi kumalizia. Baada ya mwezi alimwekea kioo mezani. "Nina watoto na nina biashara," alimwambia, "shika shingo yako mwenyewe." Edgar alinuna siku nzima, jioni akakishika kioo. Akajua kuchemsha maji yake, kusafisha tundu, kulifunika kwa kitambaa chepesi chenye unyevu ili vumbi la malori lisiingie, kunyoosha mabega yaliyokazwa na upasuaji, na mfukoni akabeba kengele ya baiskeli ya kuitia watu.

Kuanzia mwaka 2022 wenye maradhi kama yake walikutana barazani kwake kila Alhamisi, akiwamo Elinah wa Molo, mwenye tundu kama lake, na Rasto, dereva wa upande wa Kenya aliyekatwa nusu ya ulimi, wakafundishana kusukutua kwa maji ya chumvi, kumeza uji mzito bila kupaliwa, na kupachika vijiti vya aiskrimu kati ya meno, kimoja baada ya kingine, mpaka taya lifunguke tena. "Mangeni," Rasto alimwambia kwa ulimi wake uliobaki, "wewe huna koo, mimi sina ulimi, tukiunganishwa tunatoka mtu mmoja na spea." Edgar alicheka mpaka kitambaa kikaruka.

Wengine hawakucheka. Majirani walimtengea kikombe, kikawekwa juu ya uzio kama cha mbwa, kanisani benchi lake lilibaki tupu pande zote mbili, na kuna nyumba ambako kiti chake kilimwagiwa dawa ya Jik ya kuua vijidudu kabla hajafika getini.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, wakwe kutoka Tororo walikuja kujitambulisha kwa ajili ya Jovia, na Taaka, dada wa marehemu, alifika alfajiri na sweta ya shingo ndefu na skafu nzito. "Mulamu," alimwambia wifi yake Maximilla, "wageni wakiona tundu hilo, nani atameza nyama?" Maximilla akamjibu kwamba asiyeweza kumeza aende na njaa yake. Edgar aliandika kwenye simu, "Siku ni ya Jovia," akavaa. Watoto na mama yao walikuwa jikoni chakula kilipoandaliwa. Edgar aliketi katikati ya wanaume, amefungwa shingo mara mbili, makohozi yakajaa, akatoa kengele akaipiga, na hema zima likadhani baba wa bibi harusi anashangilia, wakapiga vigelegele. Maximilla aliisikia kengele jikoni, akaacha mwiko, akakimbia, akakuta mumewe yuko chini na watu wanampepea pua, maji wanammiminia mdomoni, huku mmoja akiikaza skafu isifunguke mbele ya wageni. Alipoikata kwa kisu cha nyama, Edgar alikuwa ameshakufa. Saratani haikumuua, ilikuwa imeondoka miaka minne iliyopita. Kilichomuua ni kinyaa chenu.

Familia inawashukuru madaktari wa Kampala, nesi Abbo, wafanyakazi wenzake wa forodha walioleta gari, na majirani mlioleta viti, ambavyo mnaweza kuvirudisha bila kuvipangusa.

Jana mochari, mtu alikuwa amemfunga tena kitambaa cheupe shingoni, Maximilla amekifungua. Mtakapopita kumuaga mtaiona shingo yake wazi, na Elinah na Rasto watapita wa kwanza, anayeona kinyaa abaki kwenye kiti chake. Kengele amekabidhiwa Elinah. Mkiisikia, nyamazeni, tazameni shingo, ondoeni nguo.

Edgar, pumzika sasa, amani iwe yako.