Sauti Yangu Katikati ya Nyimbo za Kwaya

Wapendwa, kaeni, kaeni tu. Wanaonijua wanajua mi si mtu wa kushika maikrofoni. Hata kwenye kwaya nasimama mstari wa nyuma, na mama kiongozi wetu ananiwekaga huko kwa sababu anasema sauti yangu ni nene kama ya baba mwenye nyumba. Chekeni, hamna shida. Ni hiyo hiyo sauti iliyonileta mbele leo kutoa ushuhuda.

Mliokuwa hapa kambini Dzaleka miaka ile mnakumbuka simu zetu za Kichina, zenye spika ya kuamsha mtaa na kadi ndogo ya memori ndani. Intaneti ilikuwa ya wakubwa. Ukitaka nyimbo, ulipeleka kadi yako kwa fundi mwenye kompyuta, ukamwambia niwekee za kwaya, ukarudi jioni kuichukua. Hakuna aliyeuliza fundi mwenyewe anazitoa wapi. Mi pia sikuuliza, nilikuwa nafurahi tu.

Nina yaya, dada yangu mkubwa, aliyebaki kwetu Kongo, Bukavu. Mama yetu alikufa mapema, kwa hiyo yaya njo aliyenilea. Kuna jambo lililonipata njiani tulipokuwa tunakimbilia huku Malawi, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote, hata binti yangu niliyekuwa nimembeba mgongoni. Lilikuwa linanila. Nikaona nimwambie yaya, lakini si kwa simu ya vocha inayokatika katikati ya neno. Basi siku moja binti yuko shuleni, nikafunga mlango, nikabonyeza pa kurekodi kwenye simu, nikasema, "Yaya, ni mimi." Nikasema yote. Nililia, nikaendelea. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikapika nsima, ugali wa huku, nikala yote peke yangu.

Kulikuwa na mtu wetu anayesafiri kurudi Bukavu. Mi ni mshonaji, nikapanga kuishona ile kadi yenye sauti yangu ndani ya kola ya shati lake, isipotee njiani. Lakini nikawaza, si vizuri yaya apokee huzuni tupu. Nikaipeleka kwanza kwa fundi aongeze nyimbo za kwaya yetu, ili akimaliza kulia apate pa kushika. Fundi akaongeza, akanirudishia kadi yangu nzima, kila kitu ndani. Nikashona, msafiri akaondoka, nikamshukuru Mungu.

Baada ya wiki chache niko kwenye foleni ya maji, bombani. Jirani ametundika simu yake kwenye mpini wa ndoo, inaimba. Wimbo wetu ukaisha. Nikangoja unaofuata nimsaidie kuimba, na kilichofuata kilikuwa, "Yaya, ni mimi."

Ndugu zangu, nawaambia, nilitamani ardhi inimeze na ndoo yangu. Jirani alisikiliza kidogo, akageuka akaniangalia. Niliacha maji pale, nikarudi nyumbani.

Sauti ilikuwa imeingia kwenye simu nyingi, maana ilikuwa ndani ya fungu la nyimbo za kwaya, na nani kwenye kambi hii hakutaka nyimbo za kwaya? Wengine walisikia wakazima. Wengine waliwaita wenzao waje wasikie. Siku moja binti yangu akarudi kutoka shuleni, akaweka mfuko chini, akaniuliza, "Mama, ile sauti njo yako?" Nikamwambia akanawe ale. Hapo njo palikuwa chini kabisa kwangu, kwa sababu alikuwa amesikia habari ya mama yake kwenye simu mkononi mwa batoto ba benzake.

Nilikwenda kwa fundi nikiwa na hasira ya kupasua ile kompyuta. Akanieleza kwamba kila kadi inayoletwa, yeye huvuta sauti zote zilizomo na kuziweka kwake, kwa sababu hivyo njo anavyopata nyimbo mpya. Mafundi wote walifanya hivyo. Akasema, "Mama, mi sikusikiliza hata. Mashine njo inakopi yote."

Nikamwambia, "Mashine hainijui. Wewe unanijua."

Nikaenda kushtaki kwa mzee wa usalama wa mtaa wetu. Mtu mzuri, msimwone vibaya. Akaniuliza fundi ameniibia nini. Nikasema sauti. Akauliza, kadi iko wapi? Nikasema nilirudishiwa, nzima. Na ile sauti ilifutika kwenye kadi? Haikufutika. Akakuna kichwa, akasema hajawahi kuona wizi ambao mwenye mali bado anayo mali yake yote. Nilirudi nyumbani, na kusema kweli hata mi sikuwa na neno la kuita nilichofanyiwa.

Nikaacha kwaya. Nikaacha hata kusalimia. Nikamchukua binti yangu tukaenda Lilongwe, mtaa wa Kauma, kwa mama mmoja Mmalawi anayewashonea mabibi wa ofisini kule Capital Hill. Yule mama alinifaa kwa sababu hakuelewa Kiswahili. Asubuhi zikomo, asante ya kwao, jioni zikomo, basi. Nilishona nguo za harusi za watu kama bubu. Binti yangu aliniomba niimbe tukiwa tunaosha vyombo, nikamwambia koo linauma. Koo halikuwa na kitu.

Karibu na pale kulikuwa na ndugu mmoja Mrundi anayeuza viatu vya mitumba. Alikuwa na simu yake juu ya meza ya viatu, na siku moja nikasikia nyimbo zetu. Nikajua kinachokuja. Nikasimama na sindano mkononi. "Yaya, ni..." na yule ndugu akabonyeza, ukaingia wimbo mwingine.

Nikamsogelea. Nikamuuliza kwa nini amekata, huku nikijua sauti yangu hii nene itanisaliti. Aliitambua, nilimwona machoni. Lakini aliangalia viatu vyake, akasema polepole, "Mama, hiyo haikutumwa kwangu. Kila siku naruka."

Nililia pale mbele ya viatu. Miezi yote nilikuwa nafikiri kila mwenye ile sauti ameisikiliza mpaka mwisho. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeibeba tu bila kuifungua. Nikamwomba aifute. Akanipa simu nifute mwenyewe, na kwa kuwa sikujua, akanionyesha pa kubonyeza. Ilifutika mara moja, bila kelele. Nikawaza, kumbe inawezekana kuomba.

Nikarudi Dzaleka. Mama kiongozi hakunihubiria. Alikaa na mimi, akawaza, akasema tutarekodi nyimbo mpya za kwaya, na anayezitaka atalazimika kuleta kadi yake kwa fundi, na hapo ataombwa aifute ile sauti. Huyu mama angekuwa waziri. Fundi alikubali haraka, na akataka kufanya zaidi: kadi zikija, ataifuta ile sauti kimya kimya, wenyewe wasijue.

Hapo nikakataa. Nikamwambia, "Uwaulize kwanza. Usiingize tena mkono kwenye kadi ya mtu bila yeye kujua, hata kwa ajili yangu." Tangu siku ile aliweka benchi kando ya kompyuta. Mteja anakaa, anaona, anaonyesha kwa kidole: chukua hii, ile acha. Wengi walikubali kufuta. Wachache walikataa, na siwezi kuwalazimisha.

Yaya aliipata kadi yake. Alinipigia, tukalia mpaka vocha ikaisha, akapiga tena. Binti yangu naye nilimketisha nikamwambia mwenyewe, kwa maneno yangu, kadiri ya umri wake.

Nawashukuru kina mama wa kwaya. Namshukuru yule ndugu wa viatu, na fundi, ambaye yuko hapa na asiinamishe kichwa. Vijana mnaosomea kompyuta, mtakapopata kazi mtashika maisha ya batu mikononi, na hakuna askari atakayewaona mkifungua. Mtu akikupa kadi uweke wimbo, weka wimbo. Mengine yaliyomo hukupewa.

Najua ile sauti bado iko mahali, kwenye simu fulani. Nimejifunza kulala hivyo. Tena najua desturi yetu: mwenye ushuhuda husema yote, na kuna watakaonisogelea tukitoka, waulize, mama, kwani mule ulisema nini? Nawajibu sasa hivi, bila hasira. Aliyepaswa kujua anajua, na leo nimechagua mwenyewe pa kunyamazia.