Namba ya Jikoni kwa Ardith Thibault

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo uje ukae. Leo tunamkumbuka Ardith Thibault, mbunge wetu wa jimbo, aliyetutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na mitatu. Alituwakilisha mihula kumi na moja ya miaka miwili miwili. Nasema tena, kumi na moja, na nusu ya waliompigia kura walikuwa wakimlalamikia hadi mlangoni mwa chumba cha kura.

Ardith alizaliwa hapa hapa Tabor Hollow, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la baba yake. Kabla ya siasa aliendesha basi la shule miaka kumi na tisa. Kila sanduku la barua la mji huu alilijua, na kila mbwa alimjua yeye. Kaka yake Wendell aliniambia hivi juzi: "Ardith hakuwahi kumuuliza mtu anakaa wapi. Alimuuliza tu kama ngazi za mlango wa nyuma zimeshatengenezwa."

Lakini najua mnachokingojea. Mnataka habari ya ile barua.

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, barabara zetu zikigeuka uji, Ardith alijifungia kwenye kibanda chake cha kuchemshia utomvu wa mti wa maple hadi uwe sharubati nzito. Huku sufuria zinatoka mvuke, huku anaandika. Aliandika ukurasa mmoja, mbele na nyuma: nani anagawa kuni, stoo ya chakula inafunguliwa lini, daraja gani litafungwa, bungeni wamepitisha nini na yeye alikipinga kwa nini. Sisi tuliiita Barua ya Matope. Jumamosi asubuhi aliigawa mwenyewe kwenye jaa la mji, maana kanisani mtu anaweza kukosa, lakini taka lazima utupe. Na mwisho wa kila barua aliandika: una neno, nipigie. Chini yake ilikuwa namba ya simu ya ukutani, jikoni kwake.

Sasa turudi mwaka 2021. Korona ilikuwa imetukalia mwaka mzima. Chanjo ikafika, lakini si kwetu. Serikali ya jimbo ilisema wauguzi watakuja Tabor Hollow kwa sharti moja: wazee mia moja na ishirini wawe wamejiandikisha kufikia Alhamisi saa sita mchana. Mia moja na ishirini. Wakipungua, kila mzee avuke mlima kwenda kuchanjwa, maili hamsini, katika matope yale mnayoyajua. Ardith alijua wengi wasingekwenda. Na majira ya baridi yale tulikuwa tumeshazika watu tisa.

Akaandika barua haraka haraka, jicho moja kwenye sufuria. Akachapisha nakala mia nne. Jumamosi zikaisha zote.

Jumatatu asubuhi simu ya jikoni ikalia. Alikuwa mzee Merle Kittredge. Wasikilizaji, Merle mnamjua. Katika chaguzi zote alisimika bango la mpinzani wa Ardith mbele ya nyumba yake, na akalipaka rangi upya likichakaa. Alikuwa na malalamiko kuhusu barabara yake. Kabla hajaanza, akauliza: "Mheshimiwa, siku hizi chanjo ya jimbo zima inatokea jikoni kwako?"

Ardith akaichukua barua, akaisoma. Mahali pa namba ya jimbo ya kujiandikishia, mkono wake ulikuwa umeandika namba ya jikoni. Mazoea ya miaka ishirini. Nakala mia nne, zote na namba ya jikoni.

Binti yake, Renée, alitaka zichapishwe nyingine siku hiyo hiyo. Mama yake akatega sikio. Simu ilikuwa inalia tena. Alikuwa bibi wa Barabara ya Kinu, ana neno kuhusu mfereji uliozibwa na plau la kusukuma theluji barabarani. Ardith akamsikiliza mfereji wote, kisha akamuuliza mwaka wake wa kuzaliwa. Alipoweka simu chini, akamwambia Renée maneno ambayo binti huyo anayakumbuka mpaka leo.

"Mwanangu, watu wetu hawa hawaombi msaada. Ukiwaambia wapigie jimbo, watasema hawataki kumsumbua mtu. Lakini kulalamika kwangu hawajawahi kuona haya. Acha walalamike. Wewe andika majina."

Ndivyo walivyofanya. Ardith kwenye simu, Renée kwenye kompyuta. Daraja, mfereji, kodi, mbwa wa jirani, yote yalisikilizwa, na kila lalamiko liliishia na jina kwenye orodha. Jumatano mchana walikuwa wamefika tisini na sita.

Kisha simu ikanyamaza.

Hapo ndipo yule mwendesha basi wa zamani alipoamka ndani yake. Ardith alifumba macho, akaipita njia yake ya zamani nyumba kwa nyumba, akiwataja ambao hawajapiga. Akavaa barakoa na viatu vya mpira, akaingia kwenye pikapu. Alikwama nyumba ya tano, magurudumu yamezama hadi ekseli. Aliyemtoa ni Merle, kwa trekta yake, huku akimwambia kwamba kama angetengeneza barabara badala ya kuandika barua, wote wawili wangekuwa nyumbani wanakunywa kahawa. Ardith alimjibu kwamba ana haraka, na kama anataka kuendelea kumsema, aendelee akiwa anavuta.

Basi Merle akavuta. Mchana ule wote, na Alhamisi asubuhi, trekta mbele na pikapu nyuma, mlima kwa mlima. Ardith anasimama uani kwa watu na daftari, Merle amekaa juu ya trekta akinung'unika.

Alhamisi, saa sita kasoro dakika kumi, mia moja na kumi na nane. Renée anapiga simu kwa mama yake, anamuuliza: "Mama, na wewe je, umejiandikisha?" Ardith alikuwa amejisahau. Mia moja na kumi na tisa.

Akageuka akamtazama Merle. Merle akatazama injini. Mwishowe akasema: "Andika. Na usiringe."

Mia moja na ishirini, wasikilizaji wapendwa. Mia moja na ishirini, saa sita kasoro dakika saba.

Wauguzi walikuja kituo cha zimamoto wiki iliyofuata. Foleni ilifika kanisani. Watu wa mji walikaanga donati, wakamimina sharubati ya maple juu ya theluji iliyobaki kivulini, igande wale kama peremende, watoto wa shule wakapiga ngoma za bendi yao barabarani. Wazee walitoka na plasta begani kama waliopewa nishani. Mimi nilikuwepo na kipaza sauti changu, na sioni haya kusema nililia kwa furaha. Tangu siku ile, hatukuzika tena mtu kwa korona hapa Tabor Hollow. Hata mmoja.

Kwa Renée, kwa Wendell, na kwa ukoo wote wa Thibault, tunawapa pole kwa moyo wote. Tumeondokewa pamoja nanyi. Na wewe unayesikiliza, hebu jiulize kidogo: ni nyumba gani kwenye njia yako ambayo hujasikia sauti yake tangu theluji ianguke?

Barua ya Matope ya mwaka huu imetoka. Ardith aliimaliza siku nane kabla ya kufariki. Jumamosi hii nimemkuta Merle Kittredge jaani, anaigawa. Mama mmoja aliyehamia karibuni akaisoma hadi mwisho, akamwambia kwa upole kwamba kuna makosa, hii namba ni ya marehemu.

Merle akamwangalia. "Hakuna makosa," akasema. "Piga. Binti yake yuko jikoni."