Merete Overgaard na Vikoti vya Manjano

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa nane mchana, Merete Overgaard atafunga kidirisha cha famasia yetu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na tisa na miezi miwili. Mhariri wa jarida la hospitali aliniomba maneno mia tatu ya furaha. Furaha nimeitafuta, na kiasi nimeipata. Maneno yamezidi, anisamehe.

Merete alikuja kwetu kutoka mji wa Thisted mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Alipewa meza ya kuchanganya dawa za dripu, na meza hiyo hakuiacha. Wakuu wanne wa famasia wamekuja na kuondoka. Yeye amebaki palepale, miwani juu ya paji la uso, kalamu nyekundu mkononi. Daktari mmoja, ambaye leo ni mkuu wa idara na ameniomba nisimtaje, aliwahi kurudishiwa karatasi yake ya dawa imeandikwa kwa wino mwekundu: "Daktari, hiki ni kipimo cha dawa au ni namba ya simu ya mama yako?"

Ni yeye pia aliyetuletea sheria ya keki. Ukikosea, hata kama kosa limegunduliwa kabla ya kumfikia mgonjwa, unaandika ripoti, kisha Ijumaa unaleta keki uliyooka mwenyewe. Watu wakishakula, yamekwisha. Hakuna wa kukununia. Tangu hapo tuliacha kuficha makosa, na hilo pekee limeokoa watu wengi. Mimi nimeoka keki kumi na moja. Merete, hadi mwanzoni mwa 2021, alikuwa ameoka mbili tu.

Huwezi kumtaja Merete bila kumtaja Aage Lyhne, msukuma vitanda wetu, aliyepita kidirishani kila asubuhi kuchukua sanduku la dawa za wodi. "Bado unatembea wewe? Nilidhani wameshakupeleka makumbusho," Merete alikuwa akimwambia. "Na wewe, sumu ya leo umeitia mfuko gani?" Aage alikuwa akijibu. Walipendana sana, kila mtu alijua. Ila kwa miaka kumi na minane hakuna aliyesikia neno hata moja tamu likitoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake.

Ndipo ikaja korona. Majira ya baridi ya 2020 tuliingia kwenye utafiti wa dawa ya kingamwili, chembe za kupambana na virusi, inayotiwa kwenye mshipa kwa wagonjwa waliolazwa wakiwa mahututi. Wote walipata matibabu ya kawaida; juu yake, nusu walipewa mfuko wa dawa na nusu mfuko wa maji ya chumvi. Kompyuta ndiyo iliyochagua. Mgonjwa hakujua, daktari hakujua, wala mimi muuguzi niliyeutundika mfuko sikujua. Alijua mtu mmoja tu, aliyeuandaa, na huyo alikuwa Merete.

Dawa ile ilikuwa na umanjano kidogo, kwa hiyo kila mfuko ulipaswa kufunikwa. Vifuniko tulivyoagiza vilichelewa. Aage akaleta koti lake kuukuu la mvua, la manjano, akalisukuma kidirishani: "Chukua. Limenyeshewa vya kutosha." Merete alilikata akashona vifuniko kumi na vinne, nasi tukaviita vikoti. Wiki ile tulicheka, jambo lililokuwa adimu.

Mwezi Januari 2021, siku tisa kabla ya zamu yake ya chanjo, Aage aliletwa wodini kwangu juu ya kitanda kilekile alichozoea kukisukuma. Alikubali kuingia kwenye utafiti na akatia sahihi. Mfuko wake ulichelewa dakika arobaini. Nikapiga simu famasia kwa hasira: "Merete, umelala? Kuna mtu anasubiri hapa!" Akajibu, "Unakuja." Ulipofika ulikuwa umevikwa kikoti ambacho bado kilikuwa na kifungo. Aage alicheka chini ya barakoa ya oksijeni hadi akakohoa. Akaniambia, "Tazama, Vibeke, koti langu limenirudia."

Niliutundika. Ulidondoka kwa saa moja.

Jioni alipiga simu famasia kutoka kitandani. Nilisikia upande wake tu: "We bibi, niambie mimi peke yangu. Ni dawa au ni maji ya chumvi?" Akasikiliza, akarudisha simu. Nikamuuliza, "Kasemaje?" Akasema, "Kasema nilale." Alifariki Jumanne tarehe 2 Februari. Tulimpenda na hatukuweza hata kumzika kwa wingi wetu.

Ijumaa ile tulikuta keki ya Merete kidirishani, kila kipande kimefungwa peke yake kwa sababu ya masharti ya wakati ule. Ilikuwa keki ya nazi na sukari ya kahawia, ile aliyoipenda Aage. Nilitafuta ripoti ya kosa, haikuwepo. Nikajiambia: mwanamke huyu anajua alichompa, na ameoka keki. Kipande changu nilikitupa. Tangu siku hiyo nilituma wengine kidirishani.

Matokeo yalipotoka na siri kufunguliwa, tulielezwa kwamba dawa iliwasaidia wale ambao damu yao, siku ya kwanza, ilikuwa haijatengeneza kingamwili zake yenyewe. Damu ya Aage ilikuwa imehifadhiwa kwenye jokofu. Haikuwa nazo. Na mfuko wake ulikuwa wa maji ya chumvi. Masharti ya utafiti niliyatia sahihi mimi pia, nayajua vizuri, lakini moyo wangu ulikataa kuyasikia. Nilimchukia Merete kwa miaka minne na zaidi, huku tukila kwenye kantini moja.

Mwezi uliopita nilimpigia Ketty, mjane wa Aage, kumkaribisha kwenye hafla ya kumuaga Merete. Ndiye aliyenieleza, na yeye na Merete wote wawili wameniruhusu niandike.

Kabla barua ya matokeo haijafika, Merete alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Ketty. Alisimama mlangoni akasema yote bila kuvua koti. Kwamba siku ile ya mfuko wa Aage alisimama mbele ya friji, chupa za dawa mkononi, na hakuna ambaye angejua kamwe. Kwamba alizirudisha. "Ningebadilisha mfuko mmoja tu, Ketty, jibu lote lingekuwa la uongo, na wanaokuja baadaye wangetibiwa kwa uongo huo." Kisha akasema keki ile ilikuwa ya kosa lake, ila hakujua aandike nini kwenye ripoti.

Ketty akamwambia, "Ingia ndani, Merete. Aage alijua."

Alikuwa amempigia mkewe usiku uleule. "Ketty, nimepewa maji ya chumvi. Nimempigia Merete nimchokoze, unajua kanijibu nini? 'Lala, Aage wangu.' Aage wangu! Miaka kumi na minane, leo ndiyo ananibembeleza. Basi nikajua. Lakini usimwambie kama najua. Atashindwa kazi, na kuna wengine wanasubiri mifuko."

Wengine hao walikuja. Baada ya utafiti, wagonjwa ambao damu yao ilikuwa tupu, bila kingamwili, walipewa dawa moja kwa moja, na Merete aliandaa mifuko yao bila vikoti. Baadhi yao walitoka wodini kwangu kwa miguu yao. Niliwafungulia mlango, na sikuwahi kwenda kidirishani kumwambia.

Desturi yetu ni kwamba anayestaafu ndiye anayeleta keki. Safari hii sivyo. Keki ya nazi na sukari ya kahawia nitaleta mimi, ya kumi na mbili, na ripoti ya kosa ndiyo hii mnayoisoma.

Merete, wote tunakushukuru kwa miaka yako. Tunakuombea asubuhi nyingi za kulala hadi uchoke, na Ketty anasema Jumapili hukosi kwake. Neno tamu sitakuambia, maana tunajua kwako linamaanisha nini. Njoo ukate kipande cha kwanza, bibi mkali, na mkononi usije na kalamu nyekundu.

Vibeke Skov, muuguzi, wodi ya mapafu