Mwalimu wa Kinachowashika Watu Pamoja

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti wa pekee wa marehemu, na kwa kuwa baba mdogo sauti imemkauka kwa kulia, nimekabidhiwa mimi niwasomee historia ya baba yangu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kwa Nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi hapo hapo relini hadi 1965, kisha sekondari, kisha chuo kikuu, alikohitimu elimu ya jamii tarehe 12 Novemba 1976, ingawa babu alifariki bila kuelewa fundi wa jamii hutengeneza nini.

Tarehe 3 Januari 1979 aliajiriwa chuoni, akafundisha somo moja kwa miaka thelathini na tatu, yaani chimbuko la nadharia za jamii, na kila mwaka alianza kwa kusema kwamba nadharia hizo hazikuzaliwa na watu waliostarehe, zilizaliwa na hofu, pale Ulaya wafalme walipong'olewa na viwanda vikawazoa watu mashambani na kuwarundika mijini wasikojuana, ndipo wenye kufikiri wakaanza kuichunguza jamii kama wenzao walivyochunguza mimea na nyota, huyu akitafuta kinachowashika watu pamoja, yule akiona mvutano wa tajiri na kibarua, mwingine akiuliza watu wenyewe wanayapa maisha yao maana gani. Nadharia, alisema, si imani, ni dai linalokubali kukosolewa.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na mama yangu, karani wa maktaba, na inasemekana bwana harusi aliondoka kitini mara mbili kwenda kuandika nani amekaa na nani, nami nikazaliwa tarehe 9 Septemba 1985. Mama alitutoka tarehe 2 Februari 2016, na tangu hapo baba aliishi peke yake ghorofa ya tatu, akiandika utafiti wa ujirani, kaya mia nne na kumi na mbili kutoka kila pembe ya mji, isipokuwa mlango unaotazamana na wake, kwa sababu mtafiti, alisema, haruhusiwi kuuchafua utafiti kwa watu anaoishi nao.

Tarehe 21 Februari mwaka huu nilimwambia kwa simu awasalimie tu hao majirani, akanieleza kwa kirefu kwa nini nafikiri kama mtu asiyesoma, nikaudhika, nikakata simu, nikamnunia.

Alikuwa na shinikizo la damu tangu 2014. Tarehe 13 Machi jirani wa mlango ule, fundi viatu, alisikia redio ikilia siku ya pili mfululizo, akavunja mlango, na daktari ameandika kwamba baba alifariki kati ya tarehe 11 na 12, kwa hiyo tarehe kamili sina ya kuwasomea.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu, walimu wenzake waliogharamia jeneza, na zaidi fundi viatu na mkewe, waliomfunika kwa shuka lao na kukaa naye kwa muda wa saa nane hadi nilipofika, wakiwa hawajui hata jina lake.

Baba, nilikukatia simu na sikukupigia tena, unisamehe, na upumzike kwa amani.