Bi Gulshan na Mkanda wa Tatu wa "Kisima cha Mabubu"

Bi Gulshan Mohamedtaki Panju anastaafu tarehe 30 Juni 2016, baada ya kuitumikia Ghala na Karakana ya Filamu ya Birchmere, hapa Rexdale, Toronto, kwa miaka thelathini na miwili, mwezi mmoja na siku ishirini na tatu. Sherehe ya kumuaga itafanyika Jumamosi tarehe 9 Julai, baada ya Idi, kwa sababu kamati ilikuwa imeshaagiza chakula cha mchana ndipo mtu mmoja akatazama kalenda na kugundua kwamba mgeni wa heshima atakuwa amefunga.

Wasifu wake wa Kiingereza umeandikwa na ofisi na umebandikwa karibu na mashine ya kahawa. Una aya mbili, na moja inahusu kampuni. Bi Gulshan aliusoma, akashukuru, kisha akaomba kwamba kama kuna mengine ya kusemwa juu yake, basi yasemwe kwa Kiswahili, asije akaona haya mbele ya jengo zima. Mkurugenzi amekubali yachapwe bila yeye kuyasoma. Kazi imeniangukia mimi, Ildefonce Rwegoshora wa ghala la baridi, kwa kuwa nimekaa naye jengo moja tangu mwaka 2001, na kwa kuwa Crispus wa foklifti, ambaye ni Mkenya, alisema Kiswahili chake ni cha kuongea tu.

Bi Gulshan alizaliwa Moshi, binti wa fundi saa. Tangu akiwa na miaka tisa alikaa karibu na meza ya baba yake, akishika kibano na kuvaa lenzi kwenye jicho, na inasemekana mpaka anaolewa alikuwa hajawahi kuangusha skrubu. Alifika Toronto mwaka 1979 pamoja na mumewe, Bwana Mohamedtaki, karani wa bima. Miaka mitano ya mwanzo alipakia biskuti katika kiwanda kimoja karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 1984 aliona tangazo la kampuni yetu likimtaka mtu mwenye mikono mitulivu. Siku ya usaili alipewa kipande cha filamu kilichochanika akaambiwa akiunge. Alikiunga. Kisha akamwomba msaili saa yake ya mkononi, akaifungua, akairekebisha, maana ilikuwa nyuma kwa dakika tano na alikuwa ameliona hilo tangu alipoingia. Alianza kazi Jumatatu iliyofuata.

Kwa wageni ambao hawajui tunachofanya: filamu za zamani huja kwetu zikiwa mikanda ndani ya makopo ya bati. Sisi wa ghala tunazitunza kwenye baridi, nao wa karakana huzikagua, huzisafisha na kuziunga zilipokatika. Bi Gulshan alikuwa wa karakana. Alipitisha chini ya lenzi yake maelfu ya filamu, picha moja moja, zikiwa zimesimama. Za kukimbia kwenye pazia hakuzipenda. Alinieleza mara moja kwamba haendi sinema kwa sababu wale watu wanaziachia picha zipite haraka mno.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ofisi haikuliandika.

Oktoba 2006 alikuja mzee mmoja wa Kiitaliano aitwaye Nunzio Lagana, fundi plasta mstaafu, mkazi wa Weston. Alikuwa amepanda mabasi mawili na amevaa tai. Alitaka kujua kama tunayo filamu ya kutisha iliyopigwa mwaka 1981 kusini mwa Italia, ambayo kwa lugha yetu tungeiita Kisima cha Mabubu. Tulikuwa nayo. Ilikuwa imekaa kwetu zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kuiulizia.

Filamu yenyewe inahusu wanaakiolojia sita wanaokwenda kuchimba magofu ya mji uliohamwa. Katikati ya magofu kuna kisima kilichofunikwa kwa jiwe, na ndani yake, zamani sana, walitupwa watu kumi na wawili baada ya kukatwa ndimi. Bibi mmoja anawaonya wasiliguse lile jiwe. Profesa anamshukuru, kisha analiondoa. Kuanzia hapo mabubu wanatoka usiku kwa usiku, na wanaakiolojia wanapungua. Anayesalia ni mchora ramani, mtu ambaye hakuna aliyemsikiliza tangu mwanzo wa filamu.

Mzee Nunzio hakujali mabubu. Filamu ilipigwa karibu na kijiji chake, na watu wa pale waliitwa wapite mbele ya kamera na mitungi ya maji. Mmoja wao alikuwa mkewe, Assunta. Waliambiwa wasiitazame kamera. Assunta akaitazama, akacheka. Wakati huo Nunzio alikuwa hapa Toronto akipiga plasta na kushughulikia karatasi za kumleta mkewe. Habari ya kamera aliipata kwa barua ya shemeji yake, akaicheka. Majira ya baridi yaliyofuata Assunta akashikwa na homa ya mapafu na kufariki, karatasi zikiwa zimebakiza mhuri mmoja.

Mwaka 1983 filamu ilifika kwenye sinema moja ya Waitaliano hapa mjini. Mzee Nunzio alikwenda siku tatu mfululizo, akasimama nje, akarudi nyumbani. Alipopata moyo wa kuingia, filamu ilikuwa imeondolewa. Miaka ikapita, akanunua kaseti yake ya video. Kile kipande hakikuwamo. Wenye filamu walikuwa wamekikata, kwa kuwa mwanamke anayecheka mbele ya kisima cha laana ni kosa. Nakala yetu ilikuwa ya zamani zaidi, ya kabla ya kukatwa. Mzee Nunzio alibaki na picha moja ya harusi, na ndani yake Assunta ametulia kama alivyoagizwa na mpiga picha.

Tukaitoa filamu. Makopo yalikuwa matano, na kipande cha Assunta kilikuwa katika la tatu. Tulipolifungua, karakana nzima ilinuka siki. Huo ni ugonjwa wa filamu za aina ile: mkanda huoza wenyewe, hunyauka, hujikunja kama gome la mti, na huweza kuuambukiza mkanda ulio jirani. Kanuni ilikuwa wazi: mkanda wa namna hiyo huteketezwa, na fundi aliyeukagua hutia sahihi. Mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Halvorsen, alileta fomu mwenyewe. Bi Gulshan alisema ataisoma kwanza. Fomu ilikuwa na mistari minne. Aliisoma mwaka mmoja na miezi minne.

Mkanda aliutenga kwenye kabati la chuma katika chumba kisichotumika, usiwaambukize wenzake. Haukuweza kupita kwenye mashine yoyote, kwa sababu ulikuwa umesinyaa na matundu yake ya pembeni hayakulingana tena na meno ya gurudumu. Kwa hiyo alichukua gurudumu la mashine ya zamani ya kunakilia, iliyokuwa ikisubiri kutupwa, akayapiga meno yake tupa moja baada ya jingine, kama alivyofundishwa na baba yake, mpaka yakakubali. Kisha kila siku, saa ya chakula cha mchana, alilainisha, akanyoosha, akasafisha na kunakili picha mia moja hivi. Mkanda mzima una picha karibu elfu ishirini na tisa. Tulimwambia achukue zile za Assunta tu, ambazo hazifiki mia mbili. Alijibu kwamba hajazoea kushona mkono mmoja wa gauni. Mwezi wa Ramadhani kasi iliongezeka, maana hakuwa na chakula cha kumpotezea muda.

Bwana Mohamedtaki, aliyekuwa akimpokea mkewe kila jioni akinuka siki, aliamini kwa miezi kadhaa kwamba mkewe ameanzisha biashara ya achari bila kumwambia. Alisubiri kwa heshima aambiwe.

Karakana nayo iliingiwa na hofu. Wiki tuliyofungua makopo, Crispus alivunjika kidole cha mguu. Mwezi uliofuata mtambo wa baridi ulizima. Kisha gari la Evans, kijana wa karakana, likaibiwa. Ikaanza kusemwa kwamba laana ya kisima imehamia Rexdale, na watu wazima wakawa wanazunguka jengo ili wasipite mbele ya kile chumba. Bi Gulshan alisikiliza yote, kisha akaeleza kwamba Crispus alibeba makopo akiwa na ndala, mtambo haukuwa umefanyiwa matengenezo tangu mwaka 1998, na Evans huacha ufunguo ndani ya gari. Kwa usalama zaidi alisoma Ayatul Kursi mlangoni, akasema sasa hakuna kisingizio.

Mwezi wa sita wa kazi hiyo Bwana Halvorsen alifungua kabati. Nilikuwapo, nimeshika ngazi. Alimwuliza Bi Gulshan kama anaelewa kwamba amekaidi agizo. Alisema anaelewa. Akauliza ni filamu gani hii hata ihatarishe ghala zima. Ni kazi kubwa ya sanaa? Bi Gulshan alivua lenzi.

"Filamu ni mbaya," alisema. "Lakini mke wa mtu yumo ndani."

Bwana Halvorsen akamwandikia barua ya onyo. Hakumnyang'anya mkanda. Mimi namhesabia hilo kuwa jema, ingawa lilikuja na gharama: mwaka huo nafasi ya mkuu wa karakana ilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni ya nani. Alipewa Evans. Bi Gulshan alimpa hongera kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwa miaka tisa iliyofuata Evans alikuja kwenye meza yake kila asubuhi kuuliza afanye nini. Kama Bi Gulshan aliumia, alituficha. Siku moja tu, kwenye basi la Kipling, aliniambia kwamba angependa baba yake aone jina lake kwenye mlango, kisha akabadili mazungumzo tukaongelea bei ya vitunguu.

Jumamosi moja ya Aprili 2008 tuliionyesha filamu katika chumba chetu kidogo cha maonyesho. Evans aliendesha projekta. Mzee Nunzio alikuja na suti na amenyoa vizuri. Tulimwambia tunaweza kumwonyesha kile kipande peke yake, asisumbuke na maiti. Alikataa. Alisema kama Assunta alikuwa ndani ya filamu nzima, naye atakaa filamu nzima. Akaketi mstari wa mbele, akawatazama wanaakiolojia wakifa mmoja mmoja kwa subira ya mtu anayengoja basi.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo Bi Gulshan angependa lisisemwe. Uso wa bubu wa kwanza anayetoka kisimani aliusafisha yeye kwa mikono yake, karibu wiki mbili, madoa yote, akaujua kuliko uso wa jirani. Lakini hakuwahi kuuona ukitembea. Bubu alipoinuka, Bi Gulshan alijifunika macho kwa mtandio wake wa pachedi na kunishika mkono, na alama za kucha zake nilikaa nazo mpaka Jumatano.

Kisha wakaja wanawake na mitungi. Wa kwanza akapita, wa pili akapita. Wa tatu akageuza kichwa, akatutazama, akacheka. Sekunde saba. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, na jua lilikuwa kwenye nywele zake, na nyuma yake kilikuwapo kile kisima cha karatasi na gundi. Akapita.

Evans alisimamisha mashine bila kuambiwa. Mzee Nunzio hakulia. Alikaa mikono juu ya magoti, kisha akasema taratibu, kwa Kiingereza chake na cha Bi Gulshan, ambacho wote wawili walijifunza ukubwani:

"Nilisahau kwamba akicheka hupandisha bega."

Aliomba arudishiwe. Tukamrudishia mara nne. Mara ya tano alisema basi, tuendelee, maana wanaakiolojia wawili walikuwa bado hai na alitaka kujua. Filamu ilipokwisha alimwendea Bi Gulshan, akaweka mkono kifuani badala ya kumpa, kwa sababu alikuwa ameuliza kabla watu wake huamkianaje, akainamisha kichwa. Bi Gulshan akamwambia apite salama, ngazi zina maji.

Barua ya onyo haikufutwa. Ipo kwenye jalada lake hadi leo, na ndiyo barua pekee ndani ya miaka thelathini na miwili. Mzee Nunzio aliendelea kuja kila Aprili mpaka alipofariki mwaka 2013. Katika mazishi yake, kanisani Weston, padri alimwona mama mmoja wa Kihindi amekaa nyuma, amejifunika, akamfuata na kumwuliza yeye ni nani wa marehemu. Bi Gulshan alisema anamfahamu mkewe. Padri akampeleka mstari wa mbele.

Amewafundisha mafundi kumi na mmoja, na sita kati yao sasa ni wakuu wa karakana mahali pengine. Ameugua kazini siku nne. Mwezi wa nane yeye na Bwana Mohamedtaki wanakwenda Moshi kwa miezi mitatu kumwona dada yake mkubwa, Qurratulain, ambaye hapendi simu na ana maneno ya miaka mingi ya kumwambia ana kwa ana.

Bi Gulshan, asante kwa mikono yako, na kwa kusoma fomu polepole. Nenda na amani, mle vizuri wewe na mzee wako, ulale mchana bila kudaiwa udhuru. Mungu akupe miaka mirefu, na watu wako wote wawe hai, karibu, na wakicheka.